Nani Aliulizwa? Habari za Mila, Utafiti na Sheria ya Usawa

Somo hili lilisomwa kwa redio kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, halafu wanafunzi walisome kwa zamu.

  Mwalimu wa darasa na ashike chaki, maana leo tuna maneno manne ya kuandika ubaoni: MILA. UTAFITI. UBAGUZI. USAWA. Wanaoanza kusoma wayatamke silabi kwa silabi. Wale walioendelea wayanakili daftarini, nasi tutayafikia moja moja.

Habari yetu ya leo ni ya shamba.

Katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, palikuwa na bibi mmoja mzee. Jina lake sitalitaja, ingawa limo katika vitabu vya mahakama. Baba yake alimwachia bibi huyu shamba la ukoo kwa wosia ulio halali. Waliopata kufika Buhaya wanajua maana ya kibanja. Ni migomba, ni mibuni, ni makaburi ya wazee. Bibi akakaa na shamba lake mpaka akawa mkongwe, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Basi tarehe 24 Agosti, 1988, aliliuza kwa Shs. 300,000/- kwa mtu asiye wa ukoo wake, apate fedha za kujitunzia.

Kesho yake mwanamume mmoja wa ukoo ule akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Dai lake lilikuwa hili: kwa sheria ya mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza shamba la ukoo, kwa hiyo mauzo yale ni batili. Mahakama ikamkubalia. Bibi akaamriwa arudishe zile fedha.

Hapa tusimame kidogo, maana ni rahisi kumlaumu hakimu, na mimi sitaki tumlaumu. Hakimu alikuwa na sheria iliyoandikwa. Katika mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza kanuni za sheria za mila, na zile za urithi na wosia zilitoka katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo. Kanuni ya 20 ya urithi inasema kwamba wanawake waweza kurithi, lakini si ardhi ya ukoo. Ardhi hiyo wanaweza kuitumia maisha yao, wasiiuze. Isipokuwa kama katika ukoo hakuna mwanamume yeyote aliyesalia. Hakimu alisoma maneno hayo, akahukumu kwa maneno hayo.

Sasa nawaulizeni: maneno hayo yalitoka wapi? Wengi mtajibu, “Kwa wazee wetu.” Jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo somo letu.

Tazameni neno la pili ubaoni: UTAFITI. Utafiti ni kulitafuta jambo mpaka ukweli wake uonekane. Mtu aliyepotelewa na mbuzi hufanya utafiti. Huuliza jirani, hufuata nyayo, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, wala haamini mtu mmoja tu. Wataalamu wa vyuo vikuu hufanya hivyo hivyo, ila wao huandika yote waliyoyaona, ili mtu mwingine apate kuyapima. Na jambo la kwanza tunalolipima katika utafiti wa watu ni swali fupi sana: nani aliulizwa?

Zamani za utawala wa Waingereza palikuwa na mtaalamu mmoja wa mila, Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika. Mwaka 1945, pamoja na mwenzake Hartnoll, alitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Mwaka 1953 akatoa kingine cha sheria na desturi za Wasukuma. Alikuwa mtu wa bidii nyingi, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; mtu yeyote anayechungua habari za makabila yetu hana budi kuzipitia. Baada ya Uhuru, Serikali ilipotaka kuziunganisha mila za makabila mbalimbali ziwe sheria moja, Cory ndiye aliyeshika kazi hiyo. Alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata kanuni zikatangazwa, kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa upande wa baba.

Nia yenyewe ilikuwa njema. Nchi ilikuwa changa, na mahakimu wa mahakama za mwanzo walihitaji kitabu kimoja cha kuwaongoza. Lakini siku zile mtaalamu akitaka kujua mila alikwenda kwa machifu na wazee wa baraza. Hao ndio walioitwa wenye kujua. Mjane aliyefukuzwa nyumbani hakuketi katika baraza lile. Binti aliyelima shamba la baba yake miaka ishirini hakuulizwa, au kama aliulizwa, neno lake halikuwa na uzito ule ule.

Ndipo tukapata kanuni kama hizi. Warithi wamepangwa kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mwana wa kiume wa kwanza. La pili ni wana wa kiume wengine. La tatu, la mwisho, ni mabinti. Na mjane? Kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Someni tena maneno hayo ya mwisho. Yana upole fulani. Kijijini, palipokuwa na ardhi tele na watoto walioishi karibu, yamkini mama alitunzwa kweli. Lakini kanuni haisemi lolote juu ya mama ambaye watoto wake wangali wadogo, au wamekwenda mjini, au hakujaliwa mtoto. Katika baraza la mdomo wazee wangeweza kusema, “Huyu mwacheni akae, shida yake ni ya namna nyingine.” Mila ya mdomo hupinda kidogo ikikutana na mtu mwenye shida. Ikisha kupigwa chapa, hupinda kwa taabu.

Jambo hili limechunguzwa sana. Bibi Sally Falk Moore, Mmarekani, alikuwa kwanza mwanasheria, na baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika mashtaka ya Nuremberg dhidi ya wakubwa wa Ujerumani. Baadaye akawa mtaalamu wa mila, akaenda Kilimanjaro tangu miaka ya 60. Kitabu chake cha mwaka 1986 chaeleza mila za Wachaga kwa muda wa miaka mia moja, kuanzia 1880 hadi 1980. Aliona kwamba watu waliendelea kusema “hii ndiyo mila yetu,” huku mambo yenyewe yakigeuka chini ya jina lile lile. Kahawa ilipoingia, shamba likawa mali ya fedha. Watu walipozidi, ardhi ikawa haba, na ndugu wakaanza kugombea mipaka ambayo zamani haikuwa na maana kubwa. Mwaka mmoja kabla yake, mwanachuoni Martin Chanock alikuwa ametoa kitabu juu ya Malawi na Zambia, akionyesha kwamba sehemu kubwa ya zile tuitazo sheria za mila ilitungwa katika mazungumzo ya wazee wanaume na maofisa wa kikoloni. Profesa Bart Rwezaura, Mtanzania, naye alichungua hali hiyo kwa Wakuria, akatoa kitabu chake katika mwaka 1985.

Kwa hiyo mtu anaposema, “Sheria hii ni ya mababu, haiguswi,” yafaa kumwuliza kwa adabu: ya mababu wa mwaka gani?

Turudi Muleba. Bibi yule hakukubali hukumu. Shauri likapanda Mahakama ya Wilaya, naye akashinda. Mwanamume naye hakuridhika, akalipeleka Mahakama Kuu, Mwanza. Huko likafika mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Lazima niwaeleze kilichobadilika kati ya mwaka 1963 na siku ile. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ilipotungwa, haikuwa na sehemu ya haki za binadamu ambayo mtu aweza kuipeleka mahakamani. Sehemu hiyo iliingizwa kwa sheria ya mwaka 1984, ikaanza mwaka 1985. Hata hivyo Serikali ilipewa miaka mitatu ya kutengeneza sheria zake, na mahakama hazikuruhusiwa kuzibatilisha sheria kwa sababu hiyo mpaka Machi, 1988. Hesabuni kwa vidole: bibi aliuza shamba lake Agosti, 1988. Ni miezi mitano tu tangu mlango kufunguliwa. Angaliuza mwaka mmoja kabla, pengine habari yake isingejulikana na mtu.

Ibara ya 13 ya Katiba yasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza UBAGUZI. Andikeni neno hilo kwa herufi kubwa. Kubagua ni kumtendea mtu vibaya au kumnyima haki, si kwa tendo lake, bali kwa jinsi alivyo. Basi sikilizeni jambo la ajabu. Katiba ya wakati ule ilitaja namna za ubaguzi: utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya siasa, rangi, dini, hali ya maisha. Kuwa mwanamume au mwanamke hakukutajwa. Neno “jinsia” liliongezwa katika orodha hiyo mwaka 2000. Neno moja tu. Wale mnaolalamika kwamba kujifunza kusoma neno moja moja ni kazi ndogo, fikirini habari ya neno hilo.

Jaji Mwalusanya alifanyaje basi? Aliichukua Ibara ya 13 kwa ujumla wake. Akatazama Ibara ya 9, ambayo inataka nchi ifuate Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu, lile lililotolewa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba, 1948. Akatazama na mikataba ambayo Tanzania ilikuwa imekwisha kuikubali, mmojawapo ukiwa ule wa kuondoa ubaguzi wote dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Nchi haiwezi kutia sahihi mbele ya mataifa, kisha ikafanya kinyume nyumbani. Na tena sheria nyingine ya 1984 ilizipa mahakama uwezo wa kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho ya kuzipatanisha na Katiba.

Hukumu ikatolewa tarehe 22 Februari, 1990. Jaji alisema kanuni ile inabagua, na tangu hapo wanawake na wanaume wa ukoo wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo. Mauzo ya bibi yakawa halali.

Najua darasani yupo mzee anayetikisa kichwa. Anasema, “Haya ndiyo ya kuuvunja ukoo. Kila binti atauza, na makaburi yetu yatalimwa na wageni.” Mzee wangu, shaka yako ni ya haki, na nakuomba usikilize sehemu ya pili ya hukumu. Kwa mila ile ile, mwanamume alikuwa akiweza kuuza shamba la ukoo. Akiuza bila idhini ya jamaa zake, jamaa waliweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha alizotoa. Jaji hakuiondoa njia hiyo. Alisema kama ilivyo kwa mwanamume, na iwe hivyo kwa mwanamke. Yule wa ukoo aliyeshtaki angeweza kulikomboa shamba kwa kulipa Shs. 300,000/-. Ukoo haukunyang'anywa ulinzi wake. Kilichoondolewa ni ule mzigo uliobebeshwa mwanamke peke yake. Hiyo ndiyo maana ya neno letu la nne, USAWA: kipimo kimoja kwa wote. Mtu asidhani ni watu wote kupewa kitu kimoja.

Kama habari ingeishia hapo ingependeza, lakini haikuishia hapo.

Mkoani Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, wanawake wawili walifiwa na waume zao. Mmoja wao alikuwa mshona nguo. Wote wawili walitolewa katika nyumba walizoishi na waume zao, na sababu iliyotolewa ni zile kanuni za mwaka 1963. Hawa hawakushtaki jamaa tu. Waliishtaki sheria yenyewe katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Walisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na pamoja nacho walikuwapo walimu na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Hapo utafiti ulikuwa umegeuka. Safari hii waliosafiri na daftari walikwenda kwa wajane wenyewe.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema: ndiyo, kanuni hizi zinabagua. Lakini ikakataa kuzifuta. Jaji aliona kwamba kugeuza mila kwa hukumu ya mahakama ni jambo gumu, na kwamba kila kabila lingeweza kuja na shauri la namna hiyo. Mimi nakiri sioni jinsi mahakama iwezavyo kusema “jambo hili ni kosa” na kisha “na liendelee.” Wenye elimu ya sheria wamelijadili sana, nanyi mjadili. Rufani ilikaa miaka minne, ikatupwa mwaka 2010 kwa ajili ya kasoro katika hati ya amri, bila wajane kusikilizwa juu ya shauri lenyewe.

Ndipo wakaandika kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa wanawake. Kamati hiyo ina wataalamu 23, nayo hukutana Geneva. Mwaka 2015 ilitoa uamuzi wake: haki za wanawake hao zimevunjwa, walipwe fidia inayofaa, na sheria za mila zinazonyima wanawake urithi zifutwe au zirekebishwe. Kamati haina askari wala jela. Neno lake ni neno la nchi zilizoahidiana, na uzito wake wategemea ahadi hiyo.

Katika upande wa ardhi Bunge lilikuwa limekwisha kutenda mengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kutoa ardhi sawa na mwanamume. Ikasema pia kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu kumiliki ardhi kihalali ni batili. Na katika Baraza la Ardhi la Kijiji ikataka wajumbe watatu wawe wanawake. Sheria hizo hazikutoka hewani. Kabla yake ilikaa Tume ya Rais ya kuchungua mambo ya ardhi, 1991 hadi 1992, mwenyekiti wake Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazunguka mikoani kusikiliza wananchi.

Sasa nimalizie kwa jambo la karibu zaidi, la kila mmoja wenu. Kumbukeni kwamba bibi wa Muleba alilipata shamba kwa wosia wa baba yake. Kanuni za mila za 1963 zinaruhusu wosia wa mdomo na wa maandishi. Wosia wa mdomo hutaka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi hutaka mashahidi wajuao kusoma na kuandika. Kama mwenye wosia ajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili watosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, sharti wawe wanne, wawili na wawili. Kwa hiyo mtakapomaliza daraja hili, kila mmoja wenu atakuwa amepunguza mashahidi wawili, na atafaa kuwa shahidi wa jirani yake. Wanaofuata sheria ya Kiislamu, mirathi yao ina kanuni zake nyingine, nasi tutaipa somo lake.

Kazi ya darasa ni hii. Wanaoanza waandike yale maneno manne bila kutazama ubao. Walioendelea waandike mistari sita juu ya swali lifuatalo, kisha wasomeane: kama mtafiti angefika kijijini kwenu kesho kuuliza desturi ya urithi, angepelekwa nyumba ya nani kwanza, na ni nyumba zipi asingepelekwa?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka juma lijalo saa kama hii.